Limao Halimtoshi Mama Mjamzito

Kama uko jikoni, au yuko mtu jikoni unayeweza kumwagiza, naomba tufanye jambo moja kabla sijaanza. Chukua bilinganya, likate vipande viwili. Kipande kimoja kikamulie limao. Cha pili kiache hivyohivyo. Viweke vyote kwenye sahani, nasi tuendelee kuzungumza. Tutaviangalia mwishoni.

Leo nazungumza juu ya mama mjamzito aliyepatwa na mafua. Najua neno hilo tunavyolichukulia majumbani. Mtu akiwa na malaria tunamkimbiza hospitali, akiwa na mafua tunamchemshia tangawizi, tunamwambia apumzike, "ni mafua tu." Kwa kijana mwenye afya, mara nyingi tunakuwa hatujakosea. Baada ya wiki anakuwa amerudi kazini. Lakini kwa mama mwenye mimba ya miezi sita, saba au minane, mafua makali ya virusi vya influenza ni habari nyingine kabisa, na dunia imelijua hilo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vinakaribia kwisha, mafua yaliizunguka dunia yote, yakafika mpaka kwetu Afrika Mashariki. Huko Marekani, daktari mmoja, John Harris, alikusanya habari za wajawazito 1,350 waliougua mafua yale, akazichapisha mwaka 1919. Karibu nusu yao walipata nimonia. Na katika wote, 27 kati ya kila 100 walifariki. Miaka 90 ikapita, dawa zikaongezeka, vyumba vya wagonjwa mahututi vikajengwa. Mwaka 2009 yakazuka mafua ya H1N1. Huko huko Marekani, wajawazito ni kama mtu mmoja tu katika kila watu 100 wa nchi nzima. Lakini katika kila vifo 100 vya mafua yale vilivyoripotiwa miezi ya mwanzo, vitano vilikuwa vya wajawazito. Halafu ikaja korona, na sote tuliyaona yaliyotokea.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa nini virusi vilevile vimpite dada, vimlaze mama mjamzito?

Jibu la kwanza liko kwenye pumzi. Mimba inapokua, huusukuma juu ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kwa kiasi cha sentimita nne hivi. Hewa ya akiba, ile inayobaki kifuani baada ya mtu kutoa pumzi, hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Na wakati akiba inapungua, matumizi yanapanda: mwili wa mjamzito huhitaji oksijeni zaidi, kwa karibu sehemu moja ya tano. Fikiria nyumba ambayo wageni wameongezeka na ghala la unga limepunguzwa. Siku zote za kawaida watu wanakula wanashiba. Lakini siku njia ya sokoni ikifungwa, nyumba hiyo ndiyo ya kwanza kulala njaa. Nimonia ikiingia, njia ya sokoni imefungwa.

Jibu la pili ni refu kidogo, na ndilo lililonileta hapa leo. Linahusu kile kinachotokea ndani kabisa ya chembe za mwili, na wanasayansi wamekipa jina. Mwanabiokemia wa Ujerumani, Helmut Sies, ndiye aliyelitia nguvu jina hilo mwaka 1985. Kwa Kiswahili tuuite msongo wa oksidi.

Turudi kwenye bilinganya. Kile kipande kisicho na limao, kama kimekaa dakika chache, kimeanza kubadilika rangi. Hakuna aliyekigusa. Ni oksijeni ya hewani imekutana na nyama ya bilinganya. Oksijeni hiyohiyo ndiyo inayokula misumari ya mabati yetu huku pwani. Hewa tunayoivuta ili tuishi ina tabia ya kula kila inachokutana nacho, na mwili wetu umejengwa kwa namna ya kuishi nayo bila kuliwa nayo.

Ndani ya kila chembe ya mwili kuna majiko madogo yaitwayo mitokondria. Humo chakula huunguzwa kwa oksijeni, ndipo tunapata nguvu ya kutembea, kufikiri na kulea mimba. Na jiko lolote linalowaka hurusha cheche. Cheche za mwilini ni molekuli za oksijeni zilizopungukiwa, nazo hunyakua elektroni kwa jirani yeyote aliye karibu: mafuta ya ngozi ya chembe, protini, hata vinasaba. Wataalamu huziita radikali huru. Sisi tuendelee kuziita cheche.

Mwili una wazima moto wake. Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Irwin Fridovich na mwanafunzi wake Joe McCord waligundua kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuidaka cheche na kuipunguza makali. Kipo kingine kinachoichukua ile iliyobaki na kuigeuza maji. Vipo na vingine, pamoja na vitamini C na vitamini E. Wazima moto hawa hutengenezwa kwa madini tunayoyala kidogo kidogo: zinki, shaba, manganisi, seleni. Cheche zikitoka kwa kiasi na wazima moto wakiwa kamili, mtu ni mzima. Cheche zikizidi, au wazima moto wakipungua, huo ndio msongo wa oksidi. Ni mizani iliyoinama upande mmoja.

Na hakuna wakati mizani hiyo inapimwa kwa uangalifu kama wakati wa ujauzito. Wiki za mwanzo, mimba hukaa mahali penye oksijeni kidogo sana, kana kwamba maumbile yamemfichia mtoto moto. Watafiti wa Uingereza, Graham Burton wa Cambridge na Eric Jauniaux wa London, walionyesha kwamba damu ya mama huanza kumiminika kwa wingi kwenye kondo la nyuma kati ya wiki ya 10 na ya 12, na hapo oksijeni hupanda karibu mara tatu. Viungo vya mtoto vimekwisha kuumbwa, wazima moto wake wameanza kuwa imara, ndipo mlango unafunguliwa. Tangu siku hiyo hadi kujifungua, kondo la nyuma ni kiwanda kisicholala. Lina majiko mengi, kwa hiyo lina cheche nyingi hata mama akiwa mzima kabisa. Mimba njema ni mizani iliyobeba uzito mkubwa pande zote mbili, ikasimama sawa.

Sasa leta virusi.

Virusi vya mafua huingia kwenye chembe za njia ya hewa, huiteka mitambo yake ili vizaliane. Mwili unapiga ukunga. Askari wa damu, zile chembe nyeupe, wanakimbilia mapafuni. Na silaha yao kubwa, msikilizaji, ni cheche hizo hizo. Wanazimwaga kwa makusudi, kwa wingi, kama watu wanaochoma pori kumtoa chui. Dhidi ya bakteria silaha hiyo ni kali. Dhidi ya virusi vilivyojificha ndani ya chembe zetu wenyewe, moto unaunguza nyumba na chui hayumo.

Mwaka 1989 watafiti wa Japani walichapisha jambo lililowashangaza wengi. Walikuwa na panya walioambukizwa influenza ya kuua. Wakawapa kile kimeng'enya cha kuzima cheche, kilichofungwa kwenye kibebeo maalumu ili kisitoke mwilini upesi. Hawakuwapa siku ya kwanza virusi vilipokuwa vinazaliana. Waliwapa kati ya siku ya tano na ya nane. Panya wakanusurika. Maana yake ni kwamba kilichokuwa kinawaua kufikia siku hizo, kwa sehemu kubwa, ni moto wa mwili wenyewe. Ndiyo sababu mgonjwa wa mafua anaweza kuonekana anaendelea vizuri, halafu mwishoni mwa wiki akabanwa ghafla.

Kwa mama mjamzito moto huo hauishii kifuani. Mara nyingi virusi vya influenza havimfikii mtoto. Kondo la nyuma huvizuia. Lakini kondo haliwezi kuzuia yote. Homa kali humfikia mtoto. Upungufu wa oksijeni humfikia. Kemikali za uvimbe zinazosafiri kwenye damu hulifikia kondo lenyewe, nalo tayari lilikuwa limebeba cheche zake. Mishipa yake hubana, chembe zake huumia, chakula na hewa kwa mtoto hupungua. Huko mashariki ya mbali ya Urusi, katika mji wa Blagoveshchensk kando ya mto Amur, kituo cha utafiti wa magonjwa ya njia ya hewa kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya damu na kondo la nyuma la wajawazito walioambukizwa virusi, kikizitafuta alama za moto huu. Na wakati wa korona, utafiti uliofanyika katika nchi 18 ulionyesha kwamba wajawazito walioambukizwa walipata zaidi shinikizo la damu linalotangulia kifafa cha mimba, na walijifungua zaidi kabla ya siku zao, kuliko wenzao ambao hawakuambukizwa.

Hapa, msikilizaji, ndipo wengi tunaporuka kwenye hitimisho. Kama tatizo ni oksidi, na limao linazuia bilinganya lisibadilike rangi, basi dawa imepatikana! Tumpe mama limao kwa wingi. Tumnunulie chupa ya vidonge vya vitamini C na E. Maduka yamejaa chupa hizo, na matangazo yanatuimbia kila siku.

Wanasayansi nao waliwaza hivyohivyo, na kwa nia njema kabisa. Uingereza, timu ya Profesa Lucilla Poston iliwachukua wajawazito 2,410 waliokuwa katika hatari ya lile shinikizo la damu linalotangulia kifafa cha mimba, ugonjwa unaohusishwa sana na msongo wa oksidi kwenye kondo. Nusu walipewa kila siku miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na vitamini E kwa kipimo kikubwa. Nusu walipewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2006. Vitamini hazikuzuia ugonjwa. Na upande wa waliopewa vitamini, watoto wenye uzito mdogo wa kuzaliwa walikuwa wengi zaidi: 28 kati ya 100, ukilinganisha na 24 upande wa pili. Mwaka 2010 Marekani ikatoa matokeo ya utafiti mkubwa zaidi, wajawazito zaidi ya 10,000. Ugonjwa haukuzuilika pale pia.

Kwa nini limao lifaulu kwenye bilinganya lishindwe kwa mama? Kwa sababu bilinganya lililokatwa limekwisha kukatwa kwenye shina lake. Mama ni mwili ulio hai. Ndani ya mwili ulio hai cheche si uharibifu peke yake. Kwa kiasi chake ni wajumbe, chembe huzitumia kupeana habari, na askari huzitumia vitani. Ukimwaga maji kila mahali bila kujua moto uko wapi, unaweza kuzima na jiko la kupikia. Zaidi ya hayo, kazi kubwa ya kuzima moto hufanywa na vimeng'enya vinavyotengenezwa mwilini pale vinapohitajika, navyo haviuzwi kwenye chupa.

Sisemi mama asile limao. Ale machungwa na maembe, ale mchicha, kisamvu, maharage, karanga, mayai na dagaa. Humo ndimo yalimo yale madini ya kuwajenga wazima moto, kwa kipimo ambacho mwili unakifahamu. Na vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki avimeze, hivyo ni jambo lingine. Ninachokataa ni kuamini kwamba chupa ya vitamini, au jagi la limao na tangawizi, au kujifukiza chini ya blanketi, vinaweza kusimama badala ya matibabu. Na huko kujifukiza, kwa mama mwenye homa, kunamwongezea joto ambalo tayari limezidi, mbali na hatari ya maji ya moto kummwagikia.

Basi nini kinamlinda? Kwa maoni yangu, kinga ya kweli ni kuuzuia moto usiwashwe, na ukiwashwa, kuwahi.

Kuuzuia kunaanza na chanjo. Nchini Bangladesh akina mama 340 walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Waliochanjwa mafua wakiwa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba waliwakinga hata watoto wao. Mafua yaliyothibitishwa na maabara kwa vichanga vyao yalipungua kwa asilimia 63. Mama amechomwa sindano moja, watu wawili wamekingwa. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliwaweka wajawazito mbele ya makundi yote katika nchi zinazotoa chanjo hiyo. Lakini katika kliniki zetu nyingi mama anachanjwa pepopunda, anarudi nyumbani, na chanjo ya mafua haitajwi. Hili nawaambia wanaopanga bajeti za afya: liangalieni upya.

Kuuzuia kunaendelea jikoni. Moshi wa kuni na mkaa wenyewe ni mzigo wa cheche unaovutwa kifuani kila siku, asubuhi na jioni. Kama gesi imeshindikana, jiko na litoke nje, dirisha na lifunguliwe, na mtu mwingine apulize moto huo mama akiwa mjamzito. Na mwenye mafua nyumbani, awe mume, mtoto au mgeni aliyekuja kusalimia, azibe mdomo anapokohoa, anawe mikono, asilale chumba kimoja na mama mpaka apone.

Moto ukiwashwa, kuwahi. Nakupa takwimu moja uikumbuke. Katika yale mafua ya 2009, madaktari wa Marekani waliwalinganisha wajawazito walioanza dawa ya virusi ndani ya siku mbili tangu kuugua na wale walioanza baada ya siku nne. Waliochelewa waliishia chumba cha wagonjwa mahututi mara sita zaidi. Tofauti yao ilikuwa siku chache tu.

Kwa hiyo mjamzito mwenye homa, kikohozi na mwili kuuma asisubiri wiki iishe. Aende kituo cha afya siku hiyo, aseme wazi kwamba ni mjamzito. Homa ishushwe kwa parasetamoli kama atakavyoelekezwa. Asinunue diklofenaki wala ibuprofeni kwa kujiamulia, hasa baada ya wiki ya 20 ya mimba, kwani zinaweza kumdhuru mtoto. Na antibiotiki haziui virusi. Zina kazi yake, daktari akiona bakteria wameingia. Akianza kupumua kwa shida, kifua kikimbana, akashindwa kumaliza sentensi bila kupumzika, akachanganyikiwa, au mtoto akapunguza kucheza tumboni, hilo si la kesho. Usafiri utafutwe usiku huohuo.

Na huko kituoni, wauguzi wangu, naomba kipimo cha kidoleni kisikae kabatini. Kifaa hicho kilitokana na kazi ya mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970, na leo ni kidogo cha kutosha kuvishwa kidoleni. Kwa mjamzito oksijeni isiachwe kushuka chini ya asilimia 92, na lengo ni kufikia 95. Tena kumbukeni mambo mawili. Kucha zilizopakwa rangi nzito au piko zinaweza kukidanganya kifaa. Na mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi, kifaa hicho kilikosa kuuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Ngozi zetu kinaweza kuzipa alama nzuri zisizostahili. Kwa hiyo mkitazama namba, mtazameni na mama mwenyewe anavyopumua. Oksijeni nayo ni dawa yenye kipimo: ikipungua inaua, ikizidishwa bila sababu inaongeza cheche zilezile tulizozizungumza.

Msikilizaji, sasa tazama ile sahani. Kipande chenye limao bado kina rangi yake, na kile kingine kimeanza kuwa cha kahawia. Limao limefanya kazi yake kwenye bilinganya. Lipikeni, mle.

Kama nyumbani kwenu kuna mjamzito anayekohoa usiku huu, mume, mama mkwe, wifi, yeyote unayenisikia, usimwambie ni mafua tu. Muulize anapumuaje. Mguse paji la uso. Muulize kama mtoto amecheza leo. Jibu likikutia wasiwasi, usiende kukamua limao. Mshike mkono, mwende hospitali.